Aliyekuwa Akinionjea Chumvi

Da Mwanaisha,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, kwa Mola asiyepoteza amana. Mimi mzima, mwanao mzima, na yule mbuzi wa shangazi naye mzima, bado anakula nguo za watu kambani. Nakuandikia nikiwa barazani kwa shangazi hapa Mambrui. Zuhura kalala kwenye mkeka karibu yangu, mdomo wazi kama wewe. Ni likizo ya Desemba, ya kwanza bila wewe, na nilikuwa naiogopa mno. Wacha nikwambie kwa nini.

Tangu tukuzike Kilifi nikamchukua Zuhura kwangu Malindi, hakuwa amelia. Hata tone. Shule aenda, chakula ala, pakiti tupu za maziwa ya shule aziosha na kuzikausha, azitie vitabuni kuwa alama. Nikimuuliza hali anijibu, "Sijambo, mama mdogo," kama mgeni aliyefunzwa adabu. Majirani wamsifu, ati mtoto jasiri. Mimi nashona sare za watoto wa watu huku nikijiuliza, huyu siku atakapopasuka nitamshona kwa uzi gani?

Sasa shule zimefungwa, na wajua sheria ya kwetu: haendi mtu Mambrui bila kitabu. Kisomwe kwa sauti baada ya chakula cha mchana, shangazi akitafuna tambuu yake huku akiuliza, "Ehe? Kisha?" Na kitabu changu mimi mchaguzi ulikuwa wewe. Tangu mama alipotutoka, mimi bado mtoto wa kubebwa mgongoni, mpaka nimekuwa mtu mzima na cherehani yangu. Hata ulipoolewa Kilifi, ukija Malindi kwa likizo hujapiga hodi kwangu ila ushapitia meza ya vitabu ya Mama Njoki sokoni. Wanikabidhi kitabu, na kurasa za mwisho zishakunjwa kwa vidole vyako! Nilikuwa nikiwaka. "Umeshakionja! Wanipa makombo!" Nawe wacheka kile kicheko chako cha puani: "Nimekuonjea chumvi tu, we kula." Nikadhani ni tabia mbaya, kama ulivyokuwa ukidokoa nyama jikoni kabla ya wageni. Usikasirike, dada, ulikuwa ukidokoa.

Basi juzi nikaenda mwenyewe kwa Mama Njoki, Zuhura nimemshika mkono. Mama Njoki hajabadilika, na Kiswahili chake cha bara hakijabadilika pia. Meza ni ile ile: vitabu vya shule visivyo na majalada, vya hadithi vilivyopita mikono mingi, na vile vya lugha za watu walivyoviacha watalii hotelini, vyote vimewekewa mawe juu visipeperuke. Zuhura akawa upande wake anapekua, mimi upande wangu.

Nikachukua cha kwanza. Picha nzuri, mtoto anacheka. Nikafunua mbele kidogo, mama yake yu kitandani anaugua. Nikakirudisha. Cha pili, mama keshakufa ukurasa wa kwanza, hata hatujasalimiana. Cha tatu kina mama wa kambo, na mama wa kambo haanguki kutoka mbinguni, lazima kuna mtu aliyemwachia nafasi. Lo! Hawa waandishi, mama za watu wamewakosea nini? Nikamwinamia Mama Njoki sikioni, mtoto asisikie, nikamuuliza kama hana chengine ambacho mama hafi.

 Akaniambia, "Hiyo ndiyo dada yako alikuwa ananiuliza kila likizo, anasema: Mama Njoki, kuna mama anakufa hapa ndani? Ni ya mdogo wangu."

Da Mwana, nilikaa juu ya boksi lake la madaftari bila kukaribishwa.  Miaka yote hiyo! Nimesoma vitabu vya wezi, vya majini, vya mapenzi ya kijinga, vya sungura na fisi hata nilipokwisha kuvaa buibui, na ndani yake mama wote wako hai, wapika na wagomba. Sikuwahi kushangaa. Nilidhani ndivyo vitabu vilivyo. Nawe ulikuwa na miaka mingapi ulipoanza kunichungia mlango? Nawe pia mama yako alikuwa amekufa. Wewe nani alikuonjea? Nililia pale pale sokoni mbele ya wauza maembe. Ungekuwa karibu ningekukumbatia, kisha ningekufinya.

Nikajikaza, nikachagua. Hadithi ya mtoto na punda wake mtundu, na mama mzima wa afya mpaka mwisho. Nimehakikisha. Nikampa Zuhura huku natabasamu kama niliyeokota dhahabu. Akakitazama mbele na nyuma, akakirudisha mezani kwa adabu zake. Kisha akautoa mkono wake wa pili nyuma ya mgongo. Alikuwa ameshika kile cha kwanza, cha mama anayeugua.

Nikamwambia hicho si kizuri. Akajibu akiangalia chini, "Nataka kujua yule mtoto alifanyaje baadaye."

 Wewe ungemjibuje? Nilikinunua kwa woga tu. Njia nzima ya kuja Mambrui nimekipakata kikapu chenye kitabu hicho kama nimebeba mayai.

Jana tukaufikia ukurasa wenyewe. Nilikuwa nasoma mimi, na sauti ilianza kunitetemeka, mama wa watu hata hajazidiwa. Nilipofika pale penyewe nikashindwa. Shangazi hata "Ehe" hakuitoa. Zuhura akanivuta kitabu taratibu kutoka mikononi, akasoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, neno baada ya neno, mpaka sura ikaisha. Akatia pakiti yake ya maziwa kuwa alama. Akakiweka kando. Akaja kulala mapajani mwangu, akalia.

Alilia, dada! Alilia kwa sauti, akakuita, mpaka kanga yangu ikarowa. Shangazi akawa anampapasa mgongo akisema, "Toa, mwanangu, toa yote," na yeye mwenyewe machozi yamchuruzika hadi kwenye tambuu. Tulilia sote watatu mchana kweupe, na mbuzi akapata nafasi akala ncha ya mkeka.

Alipotulia mimi ndiye niliyekuwa bado nalia. Akainuka, akanifuta uso kwa kiganja, akaniambia, "Usilie sana, mama mdogo. Nimeshakuangalilia mwisho. Yule mtoto anakuwa mkubwa, na anacheka."

Ulimfunza lini, Da Mwana? Mimi nilikuwa wapi? Au alikuwa akisimama kando yako pale mezani, anakutazama tu?

Sasa acha nikuage, maana aanza kujigeuza na akiamka atataka sura inayofuata. Nakuahidi jambo. Sitamfichia kitabu. Atachagua mwenyewe, nami nitakaa karibu na kanga kavu. Likizo ya Aprili, Mungu akitujaalia, tutapita Kilifi tukusomee dua kabla ya kwenda kokote, na Zuhura atakusimulia mwenyewe alichosoma, kwa sauti yake.

Kwaheri, dada yangu. Mola akulaze pema. Nilikugombeza mno kwa vile vitabu vyako vilivyoonjwa, na sikuwahi kukujibu kama mtu aliyekula akashiba.

Chumvi ilikuwa sawa. Miaka yote ile, ilikuwa sawa.

Mdogo wako,
Khadija