Mama Kasema Niko Kazini

Hilal na Khairiya,

Samaki nishawaosha, wapakeni ndimu na chumvi. Nazi akune Hilal, leo zamu yako, usijifanye mkono unauma.

Jamani, hadithi yangu imekubaliwa! Mhariri alinipa hadi leo adhuhuri niwe nimeituma, nikichelewa nafasi anapewa mwingine. Na nyie mnanijua, nikikaa sebuleni naandika kwenye simu mnaniona nipo nipo tu. Dada pasi, dada kifungo, dada kimbia dukani. Inauma, basi tu.

Leo mlipoondoka nikavaa buibui, nikabeba mkoba, nikamuaga Mama, "Naenda kazini." Nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka uani, nikajifungia stoo na magunia ya mkaa. Naandika, jasho linanitiririka, mara namsikia Bi Mwanamkasi jirani: "Shoga, mwanao yuko wapi nimtume sokoni? Mbona viatu vyake hivi hapa?"

Yaani nilivivua nje ya mlango wa stoo, kwa mazoea! Nikajua nimekwisha.

Mama akamjibu taratibu, "Yuko kazini. Msubiri atoke."

Kumbe alijua muda wote! Na hajawahi kuiita kazi, hata siku moja. Nikalia kidogo, nikamaliza, nikatuma, na jibu la mhariri likaja hapo hapo.

Sasa hivi Mama kalala, msipige kelele. Mimi naenda mjini kumtafutia halua.

~~Akiamka mwambieni imekubaliwa.~~ Msimwambie kitu! Nataka nimwambie mwenyewe.

Dada yenu