Krimu ya Mama Mkwe

Mwenzangu, uko wapi? Soma huu ujumbe sasa hivi.

Dada leo katoka kazini mapema, karudi nyumbani. Kamkuta mama mkwe wake chumbani anampaka mtoto krimu. Ile ya kujichubua! Mtoto wa miezi mitano!

Akamuuliza, "Mama, unampaka nini mwanangu?"

Yule mama hata hakushtuka. "Namsaidia. Mtoto wa kike, mweusi hivi, nani atamtazama?"

Nani atamtazama! Mtoto hata kukaa hajajua!

Dada akamwambia siku hizi wasichana weusi ndio wamejaa kwenye mabango. Mama mkwe akacheka. "Mabango hayaoi. Bibi yangu aliposwa na watu wa mbali kwa weusi huuhuu. Mimi kwa weusi huuhuu nikarudishwa kwetu. Dunia hugeuka, mwanangu, na ilinigeukia mimi."

Dada akamnyang'anya tyubu. Imekamuliwa hadi mwisho.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu uliporudi kazini."

Na sisi tulikuwa tukiona picha tunasema mtoto anazidi kung'aa! Mimi na wewe!

Sasa tuko hospitali. Daktari kamgeuza, ngozi ya mgongoni imekuwa nyembamba, mishipa yote inaonekana. Kisha kauliza, "Huyo bibi analea mtoto mwingine?"

Dada kaketi sakafuni. Mapacha wa wifi yake hushinda kwa huyo bibi kila siku. Wako naye hata sasa.

Tunampigia wifi. Hapokei.