Barua Mbili, Sebule Moja

Tamsin! Acha hiyo chai, nisome.

Leo si nilikuwa na usaili wa uzamivu kwa kamera? Ule wa uhusiano wa kimataifa kwa jicho la watu kuchu, wapenzi wa jinsia moja kama sisi. Na Profesa Ormerod wa Brighton.

Unakumbuka nilimwandikia, "Nakutaka wewe tu, Haldane wa London amepitwa na wakati"? Na Haldane, profesa wa huko London, nikamwandikia hayo hayo, nikageuza majina tu. Si kila mwombaji anafanya hivyo!

Basi katikati ya maswali, nyuma yake anatokea mwanamke, taulo kichwani, tosti mkononi.

"Huyu ndiye anayesema nimepitwa na wakati?"

HALDANE. NI MKEWE, TAMSIN. MKEWE!

Miaka mitatu nachambua nani analala na nani katika siasa za dunia, na hili sikulijua!

Wakasomeana barua zangu kwa sauti. Wakacheka mpaka tosti ikaanguka.

Ormerod akafuta machozi. "Nafasi umepata, binti. Kwangu, na kwake pia."

Halafu kicheko kikakatika. Haldane akavuta kiti.

"Sasa chagua. Hapa hapa."

Nimezima kompyuta, Tamsin. Nimejifanya mtandao umekata.

Sasa wananipigia. Wote wawili, kila mmoja kwa simu yake.