Pengo kati ya Lazaro na Sesilia

Kijiji cha Ujamaa,
Malolo,
Kilosa.
8 Juni, 1975

Mpendwa mpwa wangu Costancia,

Marahaba. Najua shikamoo yako ijayo bado iko njiani, lakini mimi naipokea kabisa isije ikapotea posta. U mzima? Kifua kimepona? Mama yako anauliza kama baridi ya hicho chumba cha mashine haijakurudishia kikohozi. Hataki kuamini kwamba Dar es Salaam yote ile inatoka jasho, halafu kuna chumba ambamo mashine inapuliziwa ubaridi. Anasema lazima umeajiriwa kiwanda cha barafu na unaona haya kutuambia. Sisi huku hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri. Magoti yangu tu ndiyo yanayodai pensheni.

Kabla ya yote nina tangazo rasmi, kwa hiyo simama wima. Mjomba wako Stefano amechaguliwa kwa kauli moja kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Vyoo vya Kijiji. Hakuna aliyegombea nami, wala mimi mwenyewe sikugombea. Nilikuwa nimesinzia mkutanoni nikaamshwa na makofi. Aliyenipendekeza ni mtani wangu Kornelio. Alisimama akasema, "Ndugu wananchi, huyu alishatumbukia choo cha shule. Nani hapa ana uzoefu wa ndani kuliko yeye?" Watu walicheka mpaka katibu akasahau ajenda inayofuata.

Basi, cheka nawe, halafu tukae.

Barua yako nilimsomea mama yako kwa sauti, kisha nikaisoma tena peke yangu. Kazi yenu nimeielewa kuliko nilivyotegemea. Kumbe mashine hiyo ya hesabu ni moja, na wataalamu wote wa chuo kikuu wanaipangia foleni: asubuhi tembo wa Mikumi waliohesabiwa kwa ndege, mchana mavuno ya pamba, jioni maji ya mto Mkondoa. Na ninyi wasichana mnatoboa kadi siku nzima ili mashine isome vitundu, kama kipofu asomavyo kwa vidole. Kornelio anauliza ikikosea hesabu inachapwa nani. Nimemwambia anachapwa mtoboaji. Usinikasirikie.

Tena unasema foleni ilipowafikia watoto wa vijiji vya huku, mtaalamu wenu wa afya alifurahi sana, kwa sababu kwenye karatasi iliyotoka mashineni kijiji chetu hakijapoteza mtoto hata mmoja. Na kwamba vijiji vinavyozika watoto wengi ndivyo vitakavyotangulizwa kupewa zahanati. Sisi tutakuwa wa mwisho, maana sisi ni wazima.

Wewe ni wa huku, hukufurahi. Uliangalia umri wa watoto nyumba kwa nyumba, ukaona mapengo: mtoto, kisha miaka mitupu, kisha mtoto. Ulipomwonyesha mtaalamu alisema labda wanawake wa huku wanapumzika. Ndipo ukaniandikia: "Mjomba, mashine inajua yale tu iliyoambiwa. Nyumbani kwako, kati ya Lazaro na Sesilia, kuna nini?"

Nitakujibu. Lakini kwanza ujue ilivyokuwa siku vijana wa chuo walipokuja kuuliza. Mimi kama balozi wa nyumba kumi ndiye niliyewatembeza. Walikuwa vijana wa adabu, wanaamkia kila mtu. Tulipofika kwangu, mke wangu Selestina alikuwa anapeta mahindi uani. Yule mwenye kalamu akamwuliza akiwa amesimama:

"Mama, watoto wako ni wangapi?"

"Ni hao unaowaona."

"Na waliofariki?"

Selestina akaendelea kupeta. Kijana akangoja. Kornelio, aliyekuwa ametufuata kwa umbea wake tu, akadakia, "Bwana mdogo, andika na mbuzi, nao wananyonya!" Tukacheka wote, kijana akapiga mstari kwenye karatasi, tukaenda nyumba ya pili. Kornelio hakuwa mjinga. Aliona uso wa shemeji yake, akatuokoa.

Na nyumba zote ikawa vivyo hivyo. Mama wa huku haulizwi hilo mlangoni, na mtu aliyesimama, wanaume wakisikiliza. Husemwa jikoni, watu wamekaa, na wala hakuna anayetaja idadi. Linatajwa jina.

Kwa hiyo mwambie mtaalamu wako asiipeleke karatasi ile kokote. Warudi, na safari hii walete wanawake. Wakae chini. Wasiulize waliofariki wangapi. Waulize tu, baada ya Lazaro alifuata nani? Nimezungumza na Selestina. Amesema waanzie kwetu, na majirani zake atawapitia yeye mwenyewe.

Salamu nazitoa hapahapa, maana nikishaandika lililobaki sitakuwa na nguvu ya salamu. Mama yako Magreti anakubusu. Lazaro yuko darasa la saba, sauti imekuwa nzito kama ya katekista. Sesilia anauliza kama mashine yenu inaweza kumfanyia hesabu za kujumlisha. Nimemwambia ina foleni. Msalimie sana mwenyeji wako bibi Regina wa Ilala. Mungu akutangulie asubuhi ukienda kazini na akurudishe jioni.

Sasa pengo lako.

Kati ya Lazaro na Sesilia yupo Hildegarda. Mwaka ule ulikuwa bweni kwa masista, na uliporudi likizo hakuna aliyekueleza. Alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Akiniona navaa kutoka, alikuwa anakalia kiatu changu kimoja.

Alishikwa na homa. Dawa zetu zikashindwa, tukampeleka kwa baiskeli hadi barabarani, tukapanda lori hadi Mikumi, tukakaa stendi kungoja gari la kwenda hospitali Kilosa. Gari lilichelewa. Alifia pale, mgongoni kwa mama yake. Mimi nilikuwa nimekwenda kuomba maji. Niliporudi Selestina akaniambia polepole, "Baba Lazaro, usilie. Tukilia hapa hakuna dereva atakayetupakia."

Tukapata lori tupu lililokuwa linafuata vitunguu huku kwetu. Dereva alikuwa mtu mwema, akatukalisha mbele pamoja naye. Akauliza, "Mtoto hajambo?"

Nikamjibu, "Hajambo, amelala."

Selestina alimpakata njia nzima. Alimfunika khanga, akampungia inzi, akampigapiga mgongoni kama kawaida. Na yule dereva, kila akifika penye mashimo, alipunguza mwendo ili tusimwamshe.

Tulilia tulipofika kwetu. Lakini tangu siku ile, Costancia, kila mgeni akituuliza habari za watoto, tunamjibu kama tulivyomjibu yule dereva.

Basi. Mtobolee kadi yake.

Mimi mjomba wako, nikupendaye siku zote,
Stefano