Mama Mkwe Anatulisha, Nitamshtakije Mwanawe?

Mpendwa Shangazi Agneta, nisaidie kufikiri, maana mimi ni mtu wa kuwaza hadi mawazo yananila, na hili nimeliwaza peke yangu vya kutosha. Mume wangu Frankline alituacha mwezi wa pili, akahamia Nyamasaria kwa mwanamke mwingine, nikabaki Manyatta na binti yetu Shantel wa miaka minne, mkataba wangu wa kazi ya utafiti ukiwa umeisha, lakini hatujalala njaa hata siku moja kwa sababu mama yake Frankline hupanda gari kutoka Bungoma na gunia la mahindi, maharagwe na kuku aliyefungwa miguu, ananikuta nimejikunyata kitandani, ananiambia, "Amka uoge, mwanangu, mimi nitapika," na Shantel, ambaye jina lake la pili ni Nelima kama bibi yake, anamkimbilia akiita, "Wajina! Wajina!" na sijui kama mama yangu mzazi angenipenda zaidi ya hivyo.

Sasa chifu aliitisha baraza, akaja afisa wa watoto kutueleza kwamba mzazi aliyeachwa anaweza kudai matunzo ya mtoto, akasema, "Wanaolea peke yao wainue mkono niwape siku ya kuja ofisini," na jirani yangu Becky akanisukuma, "Inua, wewe! Ama digrii imekukaza mkono?" lakini mama mkwe alikuwa ameketi kando yangu, amempakata Shantel, nami nikaacha mikono yote miwili mapajani, kwa sababu niliona kuinua mkono ni kumwambia kwamba gunia lake si kitu. Baadaye nikampigia Frankline kumwomba karo ya chekechea, akanijibu, "Si mama alileta mahindi juzi? Unataka niwalishe mara ngapi?" na maneno hayo sijamwambia mama, ningemwambiaje? Mwalimu amesema Shantel asirudi muhula ujao bila karo, mama naye anamtetea Frankline, "Usimpeleke mtoto wangu kwa serikali, watamfunga," nami nashukuru hadi nashindwa kudai. Shangazi, mtu atamshtakije mtoto wa anayemlisha?

Mama Shantel, Manyatta

Mama Shantel,

Barua ninazoletewa kuhusu mama wakwe huwa hazina kuku ndani, kwa hiyo hii yako nimeisoma mara mbili kwa raha. Umepata mama. Endelea kumshukuru, na usiache kamwe.

Lakini hapo kwenye simu nimekukasirikia. Umesikia mwanamume akijihesabia jasho la mama yake, ukanyamaza, kisha kunyamaza huko ukakuita shukrani! Mama analima Bungoma, Frankline anavuna sifa Nyamasaria, nawe unamshikia gunia. Humlindi mama. Unamsaidia mwanawe kumtumia. Na mahindi ya bibi, hata yajaze nyumba, hayamwondolei baba wajibu wake. Huo ni wa Frankline mwenyewe, na haki ni ya mtoto, si yako ya kumwachia mtu kwa kuona haya.

Mama akija tena, mketishe kabla hajashika sufuria, umwambie neno kwa neno alichosema Frankline. Usipambe. Mwambie pia kwamba ofisi ya watoto haianzi na pingu: huwaita wazazi wote wawili, wakakaa mezani, wakakubaliana nani atatoa nini, ikaandikwa. Frankline akikaidi ndipo mambo hufika mahakamani, na huko atakuwa amejipeleka kwa miguu yake.

Usingoje baraza lingine. Nenda wiki hii na kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa cha Shantel na karatasi ya karo. Huduma hiyo hailipiwi. Ukitoka hapo pitia kwa mwalimu, umweleze mlipofika, uombe kulipa kidogo kidogo. Walimu wengi husikia, ila hawawezi kusikia mtu aliyejikunyata kitandani.

Kisha, siku Frankline atakapoitwa, mwombe mama akusindikize ofisini. Huenda akakataa, huenda akanuna, na mwezi mmoja kuku asije. Nenda vilevile. Lakini mimi nadhani atavaa viatu vyake. Na afisa atakapouliza baba ametoa nini tangu alipohama, wewe usijibu. Mwache Frankline ajibu, mama yake akimtazama.