Majina Kumi na Moja Niliyoyafuta

Barabara ya Kinu,
Plum Fork, Nebraska.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Milo,

Hujambo? Wifi Colette na watoto wazima? Natumaini huko Alaska theluji imekubali kuondoka, na lile goti lako limeacha kukusumbua. Mimi mwili hauna neno, ila presha inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Nyumba imekuwa kubwa mno kwangu tangu shemeji yako Leonard afariki, na mwaka huu imezidi. Nitakueleza kwa nini.

Unakumbuka karata zetu za Alhamisi. Sialikwi tena. Hakuna aliyeniambia nisije. Walihamishia tu mchezo nyumbani kwa Verla, na hakuna aliyekumbuka kunipigia simu. Kanisani benchi nzima ni yangu. Siku nyingi binadamu pekee ninayeongea naye ni yule mama wa posta, naye ana haraka zake.

Kisa ni ile sheria ya vocha. Serikali inachukua hela za kodi na kuwalipia watu ada za shule za binafsi, na kanisa letu nalo limefungua yake, chini ya ukumbi. Milo, sina ugomvi na mtu anayempeleka mwanawe shule ya kanisa. Ampeleke, na Mungu ambariki. Lakini shule yetu ya mji, niliyoipikia miaka thelathini na moja, ilimpokea kila mtoto aliyeshuka kwenye basi, mwepesi na mzito, msafi na mwenye chawa. Ile nyingine inachagua. Anayetaka kuchagua watoto achague kwa hela zake, si kwa zangu.

Na wamechagua kweli. Tessa, mjukuu wa dada Darlene, walimkataa kwa sababu ya kifafa. Waliandika kwa adabu zote kwamba hawana mtu wa kumwangalia. Mwenyekiti wa bodi iliyoandika ni shemeji Gene, babu yake mwenyewe. Darlene akanyamaza. Mimi nilisema, tena mbele ya watu, ibada ilipokwisha, na tangu siku hiyo ya Februari dada yetu hajanisemesha.

Basi nikachukua fomu za kukusanya saini, ili sheria hiyo ipelekwe kwa wananchi waipigie kura Novemba. Masharti yake si mchezo: unamsomea mtu maelezo kwa sauti, unamwona kwa macho yako akisaini, kisha unaapa mbele ya ofisa wa viapo kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa nje ya duka wiki tatu na fomu zangu kwenye kibao. Nikapata sita. Watu niliowalisha tangu wana meno ya utoto wakawa wanatokea mlango wa nyuma.

Siku ya kupamba makaburi, baada ya maua, tulikula pamoja ukumbini kama kila mwaka, kila nyumba na bakuli lake. Nilipeleka kolachi, vile vimkate vyangu vitamu vya plamu, nikakaa na kibao changu karibu na birika kubwa la kahawa. Hakuna aliyesogea, hata kahawa waliona bora waikose. Mara birika likaanza kuvuja, na lile birika unalijua, halimsikii mtu mwingine. Nikalibeba jikoni, nikahangaika na koki yake kama dakika ishirini. Niliporudi, kibao kilikuwa palepale, kalamu imewekwa vizuri juu yake, na majina yamekuwa kumi na saba.

Nikaangalia ukumbi mzima. Kila mtu alikuwa anaitazama saladi yake ya viazi.

Jina la mwisho lilikuwa la Darlene, kwa mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Nilienda kukaa garini nikalia, sikufichi.

Kesho yake nikaenda benki kwa Verla, maana ndiye ofisa wa viapo.

"Hawa wote umewaona wakisaini?" akaniuliza.

"Sita nimewaona. Hawa kumi na moja, mimi nilikuwa jikoni."

Akashusha sauti. "Arlys, usinitie wazimu. Nani atajua? Wewe apa, mimi nigonge muhuri, tukale."

"Wewe mwenyewe ni wa nne kati ya hao kumi na moja. Haya, saini tena nikuone."

Akageuka kuangalia mlango wa ofisi ya bosi wake. "Leo siwezi," akasema.

Nikamwomba rula, nikayafuta yale kumi na moja kwa mstari, moja moja. Utasema mimi mjinga. Lakini siwezi kulalamika kwamba mali ya umma inachezewa, halafu niape uongo kwenye karatasi ya umma. Na kiburi kilikuwepo pia, sikatai. Nilitaka wasimame mbele yangu.

Nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wawili wamesaini upya, mmoja ndani ya ghala baada ya kufunga mlango. Harlan wa mbolea aliniambia labda aliyesaini ni Harlan mwingine.

"Harlan, mji mzima tuko watu mia tatu."

"Basi alikuwa anapita njia," akanijibu bila kucheka.

Jana nikaenda kwa Darlene. Alikuja mlangoni na aproni, amekonda. Gene alikuwa mezani, namwona mgongo.

"Nani huyo?" Gene akauliza bila kugeuka.

"Arlys," Darlene akamjibu.

"Mwambie tumeshakula."

"Dada, nimekuja na fomu," nikasema.

Akaitazama ile karatasi muda mrefu. "Mimi sijui habari za fomu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mezani. "Nenda nyumbani, Arlys." Nikashuka ngazi. Nilikuwa nimeshawasha gari alipotoka hadi barazani. "Angalia kulungu barabarani," akaniambia, kisha akaingia ndani.

Ilikuwa saa saba mchana, Milo, jua kali, maili mbili za barabara iliyonyooka. Mama alikuwa akimwambia hivyo kila aliyempenda. Tangu Februari hakuna aliyenijali nifike au nisifike. Niliendesha polepole mpaka nyumbani, nikiangalia pande zote mbili.

Saini bado hazitoshi, na nitaendelea kuzunguka. Novemba kila mtu atapiga kura yake peke yake, na hapo Gene hatakuwa mezani.

Msalimie sana wifi Colette. Mbusu Anneke, mwambie shangazi yake anamtengenezea soksi. Kaka Rudy wa Omaha anakusalimu. Na ukimpigia simu Darlene, habari za karatasi usimtajie. Mwambie tu kwamba nilifika salama.

Mungu awafunike huko mliko, na atukutanishe tungali na nguvu za kukumbatiana.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Arlys