Kapo ya Chuma na Penseli ya Baba

Jumatatu, Aprili 1975. Mundika.

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na moyo wangu umechafuka kuliko barabara ya kwenda Busia. Hakuna baiskeli iliyoletwa leo. Mwenye pancha amebaki na pancha yake nyumbani, na mimi fundi nimebaki na gita la baba magotini na hasira niliyolala nayo tangu Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa kumbukumbu ya baba. Mwaka umepita tangu tumzike. Walikuja watu wa Mundika wote, wakaja wa Amukura ambao baba aliwachezea kwenye harusi zao, wakaja hata madereva wawili wa malori waliokuwa wakingoja karatasi zao Malaba. Wali ulitosha, nyama ilitosha. Kilichobaki kilikuwa kufungua wimbo wa baba, ule wa mto Sio, alioutunga mwenyewe na ambao hakuna asiyeujua hapa kwetu.

Mwenye kuufungua ni mimi. Sijipi ukubwa, ndiyo desturi. Kwetu mdogo hatangulii. Jembe la kwanza shambani ni la mkubwa, nyumba ya kwanza bomani ni ya mkubwa, na wimbo wa baba aliyekufa unafunguliwa na mkubwa, wengine wanadakia. Wandera, mdogo wangu, analijua hilo hata kama Nairobi imemvalisha suruali iliyopanuka chini kama sketi ya mwalimu.

Nilishakaa kwenye kiti. Nilishatuni nyuzi. Ndipo baba mdogo Makokha akasimama, akanyoosha mkono, akasema, "Ojiambo, hebu lete hiyo gita. Wandera amekuja na kapo ya chuma, sauti yake ni safi. Wacha leo aanze yeye."

Kapo, kwa asiyeijua, ni kitu cha kubana nyuzi zote za gita shingoni ili sauti ipande na kulingana na koo la mwimbaji. Yetu ni kipande cha penseli kilichofungwa kwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Alivyofunga baba, ndivyo wanavyofunga wacheza gita wengi wa huku. Mpira ukichoka nakata mwingine, lakini penseli ni ileile aliyoifunga yeye. Ya Wandera ilinunuliwa dukani Nairobi. Ni chuma kilichopinda chenye skrubu nyuma ya shingo, na ndani kimewekwa mpira mwembamba.

Nikasema hii ya penseli haina shida. Makokha akacheka na watu wakacheka naye. "Hiyo penseli rudisha shule," akasema. "Siku hizi ni chuma." Akaifungua penseli ya baba mbele ya macho yangu, akaitia mfukoni mwangu kama anayempa mtoto chenji, akakaza kile chuma, akampa Wandera gita.

Wandera akaimba. Mama akalia. Watu wote wakalia. Mimi nilipiga chupa ya soda kwa msumari kushika mdundo, kama mtu wa kukodiwa.

Jana asubuhi Wandera aliondoka na basi la Nairobi. Kapo yake aliiacha shingoni mwa gita. "Baki nayo, kaka, itakusaidia," aliniambia. Itanisaidia! Mimi niliyemshika vidole akiwa hajui uzi mnene na uzi mwembamba! Sikumsindikiza stendi. Nilijifanya nina spoku za kunyoosha.

Usiku kucha nilikuwa nikibishana na kile chuma. Leo, kwa kuwa mvua imenifungia kazi, nikasema basi, tutajua. Gita moja, nyuzi zilezile, mkono uleule, wimbo uleule. Kitakachobadilika ni kapo tu. Nikisikia chuma kimeshinda, nitanyamaza. Nikisikia hakijashinda, nitajua nimevuliwa ukubwa wangu kwa sababu ya kitu cha kung'aa.

Nilianza na penseli, kwenye chuma cha tatu kati ya vile vyembamba vilivyopigiliwa shingoni mwa gita, anapoiweka baba siku zote. Anapoiweka. Bado naandika kama yupo.

Niseme ukweli kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Tofauti ipo. Ile ya dukani inabana nyuzi zote sawa, kwa hiyo nyembamba zinalia wazi na sauti inakaa kidogo kabla ya kufa. Penseli haibani sawa. Mpira unavuta pande mbili, katikati panalegea, na uzi mnene unakoroma kidogo kila ukiguswa. Sauti yake pia ni fupi na laini zaidi.

Lakini hata chuma kina udhia wake. Ukikaza skrubu kupita kiasi, nyuzi zinavutwa na sauti inapanda kuliko inavyotakiwa, kisha unahangaika kutuni upya. Nililegeza, nikakaza, nikalegeza, mpaka sikio likakubali. Halafu nikaurudia mpira wa penseli, nikauzungusha mara moja zaidi na kuusogeza karibu kabisa na chuma cha shingo. Kukoroma kukapungua nusu. Kufikia hapo tofauti iliyobaki ilikuwa kama chumvi ya mpishi huyu na ya yule. Mwenye kujua anaionja, lakini hakuna mtu anayesusa chakula kwa ajili yake.

Nilifurahi. Ni furaha mbaya, ile ya mtu anayehesabu makosa ya mwenzake, lakini ilikuwa furaha.

Hapo ningeacha. Ningetundika gita ukutani na kulala. Lakini nilitaka shahidi, na shahidi niliyemtaka ni mama, kwa sababu machozi yake ndiyo yaliyoniuma Jumamosi kuliko maneno ya Makokha.

Mama alikuwa jikoni, kibanda kile cha nyuma, akichambua maharagwe. Nikakaa nje ya mlango chini ya ukingo wa paa, asinione mikono. Nikamwambia nitacheza wimbo wa baba mara tatu, aniambie anasikia nini. Akasema haya, maharagwe hayakimbii. Nikacheza kwa penseli, nikabadilisha nikacheza kwa chuma, nikarudi kwenye penseli. Sikuimba. Ilikuwa gita tupu na mvua juu ya mabati.

Nilidhani hatatofautisha. Akajibu bila hata kufikiri.

"Ya kwanza na ya mwisho ni moja. Iko na nyuki ndani. Ile ya katikati ni safi lakini iko baridi."

Nikamuuliza anapenda ipi.

"Ya nyuki. Si ndio ya baba yenu?"

Nikasimama. Nilicheka kwa sauti, mtu mzima na ndevu zangu. Nilikuwa nimeshinda kesi. Mama mwenyewe, mjane wa mwenye wimbo, alichagua penseli! Nilitamani Makokha awepo asikie. Nilitamani Wandera aache Nairobi yake na kurudi kwa miguu.

Husemwa kuuliza si ujinga. Basi nikauliza. Nikamwambia, kama penseli ndiyo unayoipenda, mbona Jumamosi ulikaa kimya wakati nanyang'anywa gita kwa sababu ya kapo?

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo.

"Ojiambo, hiyo maneno ya kapo ilitengenezwa tu," akasema.

Nikauliza ilitengenezwa na nani.

"Ni mimi nilitaka Wandera aanze. Yeye alikataa. Alisema mkubwa yuko, hawezi. Nikamwomba mara moja tu. Akasema basi Makokha aseme ni kapo, ndio watu wasione wewe umepitwa."

Sikujua niweke wapi uso. Nikauliza swali ambalo hata sasa ningelipa kulirudisha mdomoni. Nikauliza kwa nini yeye na si mimi.

Mama si mtu wa kuzunguka. Tangu baba afe ndiyo kabisa, hana tena nguvu ya kuremba maneno.

"Wewe unajua gita kushinda yeye. Hata baba yenu alisema hivyo. Lakini Wandera akifungua mdomo, ni mzee mwenyewe anaongea. Nilitaka kusikia yeye mara moja tu. Wewe nakusikia kila siku."

Kisha akaendelea na maharagwe.

Hakunitukana. Hata hakujua kwamba amenikata. Kwake ni jambo la kawaida kabisa, kama kusema huyu amechukua pua ya babu yake na yule hakuichukua.

Naandika haya na kalamu inatoboa karatasi. Miaka yote niliyokaa miguuni pa baba, nikijifunza kidole gumba kinakwenda wapi na kidole cha shahada kinafanya nini, nilidhani ninachukua kitu chake. Wandera alikuwa mtoni akiogelea. Mimi ndiye niliyebaki hapa kumlisha baba, kumgeuza kitandani alipougua, kukata mpira mpya kila wa zamani ulipokatika. Nami nimepata mikono. Yeye aliyekuwa akiogelea amepewa koo, bure, akiwa tumboni mwa mama huyuhuyu. Na kwa koo hakuna kapo. Huwezi kulibana mahali fulani likatoa sauti ya mtu mwingine.

Nina hasira na mama, halafu naona aibu kuwa na hasira na mjane anayetaka kumsikia mumewe. Nina hasira na baba mdogo, ingawa sasa naona alivyojitahidi kuchekesha watu ili macho yao yaende kwenye penseli na si kwangu. Lakini zaidi nina hasira na Wandera, na hii ndiyo inayonishangaza, kwa sababu leo ndiyo nimejua kwamba hakunikosea. Alikataa. Alinitetea. Alipoona ameshindwa kukataa, akanitafutia kisingizio kizuri, akakitoa kwenye mfuko wake mwenyewe. Hata kuniachia kile chuma ilikuwa sehemu ya kukamilisha uongo, ili nami nikiamini nipone.

Afadhali angekuwa mbaya. Ubaya una jibu. Mtu akikutendea wema nyuma ya mgongo wako, utamjibu nini?

Na kinachoniuma hadi sasa ni kwamba kisingizio kilikuwa kinafanya kazi. Tangu Jumamosi hadi leo mchana nilikuwa mtu aliyeonewa kwa sababu ya kipande cha chuma, na mtu aliyeonewa analala, anaamka, anakunywa chai. Nilikuwa na adui na ningeweza kuishi naye miaka. Ni mimi niliyechukua gita, nikapima, nikasikiliza, nikaleta shahidi, nikakibomoa kibanda kilichokuwa kinanikinga mvua. Kwa ujuzi wangu mwenyewe.

Jioni mama ameniita kula. Maharagwe yameiva vizuri. Ameniuliza mbona sichezi tena, nimemwambia mkono unauma. Ameamini, au ameamua kuamini. Sasa tumekuwa familia ya kutengenezeana maneno.

Kesho mvua ikikatika, baiskeli zitakuja kwa wingi na midomo itakuja nazo. Walikuwepo Jumamosi, waliona, na hapa Mundika hakuna anayeacha jambo kama hilo lipite bila kuulizwa. Wataniuliza ilikuwaje mdogo akafungua wimbo wa baba na mkubwa yuko hai, amekaa, na gita liko mikononi mwake.

Nitainama juu ya gurudumu, nitawaambia ni kapo. Ile ya chuma ina sauti safi.